JINI SEKUNDE YA TANO? Waacheni Vijana wa Nachingwea na Ruangwa Watishe Watu kwa Debe

Wadau, kama mmepita kwenye magrupu ya WhatsApp ya kusini siku hizi mtakuwa mmekutana na vipande viwili vya muvi moja. Muvi ni ileile, waigizaji walewale, shamba lilelile la nje kidogo ya Nachingwea. Kinachotofautiana ni dakika mbili za mwanzo tu. Na hizo dakika mbili zimewagombanisha watu wawili waliokuwa wakishirikiana kama ndugu tangu wako shule.

Majina yao yakae pembeni. Mmoja ni kijana wa Nachingwea, ndiye anayeshika simu na kupiga picha. Mwingine ni dada wa Ruangwa, kazi yake sauti. Huyu dada hana maiki ya maana. Ana simu ya pili, ana soksi ya sufu anayoivalisha hiyo simu ili upepo usivume ndani, na ana masikio. Wametengeneza muvi fupi ya kutisha kwa hela ya kuchanga, na mwanzo wake wa kwanza ulikuwa hivi.

Giza la magharibi, lile la bluu, bado hujaona nyota vizuri. Bibi na mjukuu wako juu ya dungu wanalinda mahindi. Kamera iko nao hukohuko juu, inachungulia kupitia upenyo wa mianzi. Huoni shamba lote, unaona vipande. Chini kuna moto mdogo unaokufa. Mbali kabisa, shamba la jirani, kuna tochi moja. Na kuna debe. Jirani anapiga debe kufukuza nguruwe pori, paa paa paa, anatulia. Bibi naye anapiga la kwake, paa paa paa, anatulia. Wanajibizana hivyo kama watu wanaosalimiana. Mjukuu anashuka kufuata kuni, kamera haimfuati. Inabaki juu. Debe la jirani linaanza tena, paa, paa...

Halafu kimya.

Bibi anapiga la kwake. Hakuna jibu. Anapiga tena. Ile tochi ya mbali bado inawaka, ila sasa imelala, inamulika juu mbinguni. Jina la muvi linatokea.

Basi. Hakuna aliyeonekana. Hakuna damu, hakuna jino, hakuna kucha.

Sasa kuna bosi mmoja wa Dar, mwenye chaneli yenye watu wengi, akaoneshwa. Akamwambia kijana, "Mdogo wangu, kazi nzuri, ila mwanzo mbovu. Mtu anaangalia debe dakika mbili? Niwekee jini sekunde ya tano, niiweke kwenye chaneli, hela tutagawana." Kijana akarudi nyumbani, akampaka binamu yake unga usoni, akamnunulia zile lenzi nyekundu za macho, akaweka radi, akaweka muziki wa kupandisha, na mlio wa mbwa mwitu wa kizungu, ule wa auuuu. Jini linatokea sekunde ya tano kamili, linaifokea kamera. Dada wa Ruangwa alipotumiwa akaandika maneno machache tu: "Kaka, nitoe jina langu."

Hapo ndipo watu wamegawanyika. Wengine wanasema dada anaringa, hela ilikuwa imekuja akaikataa. Kiukweli wanaosema hivyo wangeangalia vipande vyote viwili mfululizo, usiku, taa zimezimwa, kabla hawajaandika kitu.

Tuanze na jini lenyewe. Likitokea sekunde ya tano, mtu anashtuka, ni kweli. Lakini kushtuka na kuogopa ni vitu viwili tofauti. Mtu akikupigia puto nyuma ya kichwa utashtuka, sekunde mbili baadaye unacheka. Hofu inahitaji muda na inahitaji usijue. Na jini likishaonekana, mtazamaji anaanza kulikagua. Unga umeishia shingoni, wigi limepinda, kumbe ni yule jamaa wa bodaboda. Kuanzia hapo muvi nzima ni vichekesho, hata iwe na stori ya kulia machozi.

Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa Jaws, muvi ya papa. Alikuwa na papa wa bandia wa mitambo ambaye kila akiingizwa baharini anaharibika. Ikabidi amfiche. Mwanzo wa muvi ile ni msichana anaogelea usiku, kamera iko chini ya maji inamtazama miguu, halafu anavutwa. Papa humuoni. Kuna noti mbili tu za muziki za John Williams zinazorudiarudia, polepole kisha haraka. Watu waliogopa bahari kwa sababu ya kitu ambacho hawakukiona. Yaani kifaa kibovu kilimsaidia mtu aliyekuwa na hela. Sasa vijana wa Nachingwea wasio na hela kabisa wanaambiwa waoneshe kila kitu!

Miaka mitatu baadaye, 1978, John Carpenter akatoa Halloween. Mwanzo wake kamera ndiyo macho ya muuaji. Inazunguka nyumba, inachungulia dirishani, inaingia jikoni, mkono unachukua kisu, inapanda ngazi. Akivaa kinyago, na wewe mtazamaji unaona kupitia yale matundu mawili. Hujui ni nani. Mwisho kinyago kinavuliwa, kumbe ni mtoto wa miaka 6. Kinachokupata pale ni kwamba umelazimishwa kusimama mahali ambapo hukutaka kusimama.

Ndicho kilichofanyika kwenye dungu. Kamera ilipokataa kumfuata mjukuu, ilikufunga juu na bibi. Unataka kushuka ukamwangalie mtoto, huwezi. Kijana wa Nachingwea alilifikiria hilo mwenyewe, na alilifanya kwa simu iliyofungwa kwenye mwanzi kwa mpira wa tairi. Inauma zaidi kwa sababu kipaji ni chake, na aliyekifuta ni yeyeyeye.

Halafu mwanga. Wengi wakiambiwa muvi ya kutisha wanadhani giza maana yake ni kupiga picha saa nne usiku na kuzima taa. Ukifanya hivyo na simu unapata uchafu. Simu ikikosa mwanga inajilazimisha kung'arisha, picha inajaa punjepunje kama pumba, uso unakuwa wa kijivu, na kila mtu akisogea mwanga unapanda na kushuka. Hawa walipiga ule mwanzo mapema, jua likiwa limeshazama na mbingu bado ina bluu. Hicho kipindi ni kifupi, dakika ishirini hivi, kwa hiyo walirudi jioni tatu mfululizo. Kijana alibonyeza kioo na kushikilia mpaka simu ikafunga mwanga, isijiongezee. Ndiyo maana moto unaonekana moto, uso wa bibi una upande mmoja tu, na mahindi ni weusi mtupu. Kwenye kipande kipya kuna taa nyeupe ya kuchaji imewekwa mbele ya jini. Kila kitu kinaonekana, mpaka kamba ya nguo iliyoko nyuma.

Na hilo giza la magharibi halikuchaguliwa kwa urembo. Hapa wadau wa Dar wanaosema "mwanzo hauna kitu" wangetulia wasikilize.

Lindi na Mtwara ni mikoa ambayo watu wameliwa na simba kweli, si kwa stori. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na mikoa hii ya kusini ndiyo iliyoongoza. Wengi walikumbwa msimu wa mavuno, na wengine walikuwa hukohuko mashambani wamelala kwenye vibanda wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe wanafuata mahindi, simba anawafuata nguruwe, na katikati yupo mtu na debe lake. Mwaka 2011 watafiti wakatoa jambo lingine kuhusu mwezi. Siku kumi baada ya mwezi mpevu, mashambulizi yalikuwa mara mbili mpaka nne ya yale ya siku kumi kabla yake. Sababu ni kwamba usiku wa mwezi mkali simba anawinda kwa shida, anashinda na njaa. Mwezi ukishaanza kupungua unachelewa kuchomoza, kwa hiyo jua likizama kunakuwa na kipande cha giza totoro kabla mwezi haujatoka. Hicho kipande ndicho alichokuwa akikingoja. Watu nao wakati huo bado wako nje, wanapika, wanachota maji, wanafuata kuni.

Rudi sasa kwenye ule mwanzo. Magharibi. Mbingu haina mwezi. Mtoto anashuka kufuata kuni. Mtu wa Sinza anaona muvi haina kitu. Mama wa Ruangwa aliyelala kwenye dungu miaka ile anaona kila kitu, na hajahitaji kuoneshwa hata mkia. Na kule kuna imani ya zamani kwamba si kila simba ni simba, wapo wanaotumwa na mtu. Muvi haisemi ni simba wa aina gani. Inakuachia.

Sasa sauti, hapa ndipo dada wa Ruangwa anastahili saluti.

Kuna hoja moja ya bosi wa Dar ambayo si ya kubezwa. Alisema watu wanaangalia kwenye simu, kwenye daladala, spika ndogo, mwanga wa kioo umepunguzwa ili chaji isiishe. Ni kweli kabisa. Ile miungurumo mizito ya muvi za Marekani, inayokufanya usikie tumbo linatetemeka ukiwa ukumbini, kwenye spika ya simu haitoki. Inapotea yote. Lakini angalia dada alichochagua. Debe! Sauti ya bati, kali, inapita hata kwenye spika iliyopasuka. Aliirekodi kwa kuiacha simu yake karibu kabisa na debe la jirani, kisha akaja akairekodi tena kutoka kwenye dungu, na kwenye kuhariri akachanganya kidogokidogo mpaka unasikia umbali wa shamba. Muziki mzito wa kupandisha uliowekwa kwenye kipande kipya ndio unaopotea kwenye simu. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha bosi mwenyewe, debe limeshinda.

Tena kimya chake kinafanya kazi kwa sababu ameshakuzoesha. Debe limejibizana mara nne. Sikio lako limeshaweka mdundo, linasubiri ya tano. Linakatika katikati, kama mtu aliyekatwa neno mdomoni. Usingeweza kuogopa kimya kama hujapewa kwanza sauti ya kuikosa.

Kwenye A Quiet Place: Day One ya 2024, ile aliyocheza Lupita Nyong'o, mwanzo unakuandikia kabisa kwamba jiji la New York lina kelele za wastani wa desibeli 90, sawa na mtu anayepiga yowe bila kukoma. Baada ya hapo wanakuja viumbe wanaowinda kwa kusikia, na jiji zima linalazimika kufunga mdomo. Ni akili ileile. Wao walihitaji New York nzima, huyu dada alihitaji debe moja la mafuta ya kula.

Na kuna Get Out ya Jordan Peele, 2017. Hii inatakiwa iwekwe fremu kwenye kila studio ya Bongo. Mwanzo wake ni kijana mweusi anatembea usiku kwenye mtaa wa matajiri, yuko kwenye simu, kumetulia, taa za barabarani zinawaka vizuri tu. Kamera inamfuata bila kukatwa. Gari jeupe linampita, linageuza, linaanza kumfuata polepole, na ndani yake umefunguliwa wimbo wa zamani mchangamfu wa sungura. Wimbo wa furaha! Ndio unaotisha. Kisha yanakuja majina ya muvi, miti inapita dirishani, na unasikia sauti za watu wanaimba kwa kunong'ona. Kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, mtunzi ni Michael Abels, na maneno yake yanamuonya shujaa kwamba kuna hatari, akimbie. Mmarekani ukumbini anasikia mnong'ono asiouelewa, nywele zinamsimama. Mswahili anaelewa, yeye ameshapewa siri kabla ya shujaa mwenyewe.

Yaani Hollywood walipotaka sauti ya kutisha wakaja kuazima Kiswahili. Bongo ikitaka sauti ya kutisha inaenda kuazima mbwa mwitu wa kizungu anayelilia mwezi. Hata hawa mbwa mwitu wa huku, wale wa hifadhi ya Nyerere upande wa Liwale, hawalii hivyo! Mtu wa Nachingwea akisikia auuuu hajui hata ni mnyama gani. Akisikia majani makavu ya mkorosho yanavunjika nyuma ya nyumba saa nane usiku, hapo anajua kabisa kuna mguu.

Ugonjwa huu haukuanza jana. Bongo ina historia ya muvi za kutisha, msikatae. Nsyuka ya Mussa Banzi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaja Shumileta, 2009 ikaja Popobawa. Hawa walichukua vitu vya kwao, mizimu, majini, vitu ambavyo bibi zao waliwasimulia, na walifanya kwa kamera za video za wakati ule. Heshima yao ipo. Lakini kizazi kilichofuata kilikulia kwenye vibanda umiza, kikiangalia muvi za kizungu zilizotafsiriwa. Na pale mwanzo wa muvi ndipo DJ anapoongea kuliko mahali popote. Anamtambulisha stelingi, anakwambia nani atakufa, anajisifia studio yake, anapiga na honi. Kimya cha mwongozaji hakikumfikia mtazamaji hata siku moja. Kwa hiyo mtu amekua anaamini mwanzo wa muvi ni mahali pa kelele, na akipewa kimya anadhani spika imekufa. DJ wanapendwa, na ni haki yao, ila kwenye muvi za kutisha walikula nyama wakawaachia watu mifupa.

Kwa hao wanaosema kusini hakuna mandhari ya muvi, waende Nachingwea au Ruangwa kati ya Juni na Julai, alfajiri. Wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho mapema, majani yakiwa bado na umande na upepo umelala. Mashine inaunguruma mgongoni kwa mtu, vumbi la njano linatanda chini ya miti kama ukungu, na anayepuliza amejifunga kitambaa usoni huoni isipokuwa macho. Watu wa studio wanakodi mashine ya moshi kwa siku, huku moshi upo bure na jini limejitokeza lenyewe likiwa kazini. Piga shoti moja tu, ya mbali, mtu anatoka ndani ya lile vumbi anakuja taratibu, na mashine inazimika ghafla. Hapo hujamwongezea chochote. (Vaeni barakoa lakini, ile salfa ina macho.)

Turudi kwa kijana, maana kumponda tu si haki. Yeye ndiye aliyetoa nauli, ndiye aliyewalisha waigizaji, na deni la simu halijaisha. Bosi ana chaneli, yeye ana bando la wiki. Mtu akikuwekea mezani nafasi ya kuonekana na nchi nzima, debe ni kitu rahisi sana kukitupa. Kosa lake ni kwamba hakumpigia mwenzake kabla hajafuta kazi ya masikio yake. Angepiga, pengine wangepata njia ya kati. Wangeweza kuanza na debe lilelile kwa sekunde arobaini badala ya dakika mbili. Wangeweza kumpa bosi jini lake kwenye trela, muvi ikabaki salama. Mambo hayo yanazungumzika. Mlio wa auuuu hauzungumziki.

Kipande kipya kiko kwenye chaneli sasa. Watu wanaangalia, wanaweka vile vikatuni vya kucheka machozi, wanauliza jini limenunua wapi lenzi. Hela ya kwanza bado haijagawanywa.

Kile cha zamani dada anacho kwenye simu yake. Wikiendi iliyopita, Ruangwa, kibanda umiza kimoja kilikuwa kimemaliza kuonesha mechi, mwenye kibanda ni shemeji yake, wakakiunganisha kwenye televisheni watu wakiwa wanatafuta ndala zao watoke. Waliosimama wakabaki wamesimama. Debe likapigwa, likajibiwa. Likapigwa, likajibiwa. Lilipokatika, mama mmoja muuza mihogo aliyekuwa mlangoni, ambaye hata kioo hakukiona, alikuwa anasikia tu, akaweka ungo wake chini akasema, "Wanangu, muulizeni huyo mwenzenu mbona hajibu."